Kwa nini klorini huisha nguvu ndani ya ndoo

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: 

Wengi wetu tulipita Grande Barrière, pale Gisenyi kando ya ziwa. Aliyepita mwaka 2019, wakati wa Ebola, anakumbuka: kabla ya kuonyesha karatasi, unanawa kwanza maji yenye harufu ya javeli. Harufu ile ni ya klorini. Leo kambini wapo wanaoyamwaga maji yenye klorini wakisema ni sumu, kisha wanachota mtoni. Kipindupindu kinawasubiri huko.

Klorini inauaje vijidudu? Kila kitu kina chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Klorini ina njaa ya elektroni. Ikikuta kijidudu, inamnyang'anya elektroni zake, ganda lake linaharibika, anakufa. Anayenyang'anywa ameoksidishwa, anayepokea amepunguzwa. Hayo mawili hayaachani, na kwa pamoja huitwa mmenyuko wa redoksi. Klorini ikishashiba inageuka kloridi, ileile iliyomo katika chumvi ya jikoni.

Lakini klorini haichagui. Maji yakiwa na matope na taka, inashibia huko, vijidudu vinabaki hai. Kwa hiyo chuja kwanza kwa kitambaa safi, weka kipimo ulichoelekezwa, funika, subiri nusu saa. Harufu kidogo ikibaki, usiogope: mlinzi bado yuko zamu.

Vipimo navyo vinatofautiana. Maji ya kunawa wakati wa Ebola huwekwa klorini asilimia 0.05, yaani miligramu 500 kwa lita. Hayo hayanywewi. Ya kunywa yanahitaji miligramu chache tu.

Kutu ya bati na moto wa makala pia ni redoksi: oksijeni ya hewani ndiyo inayochukua elektroni. Ila si kila mmenyuko uko hivyo. Ndimu juu ya magadi hutoa povu bila elektroni kuhama. Hapo asidi imekutana na besi.

Mwisho, hili mlishike sana: usichanganye javeli na ndimu, siki wala dawa ya kusafishia choo. Hutoka gesi inayochoma mapafu. Ikitokea, toka nje haraka na watoto, kwenye hewa safi.

Mwambie na jirani ambaye hakusikiliza. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)