Dawa ya Malale Iliyosahaulika Kabatini

Kuna vidonge vinavyotibu malale hata baada ya vimelea kuingia kwenye ubongo. Dawa hiyo inaitwa feksinidazoli. Kampuni ya Hoechst ya Ujerumani iliitengeneza miaka ya 1970, watafiti wake wakathibitisha kwa panya kwamba inaua vimelea vya ugonjwa huo, kisha katika miaka ya 1980 kazi ikasimama na ripoti zikawekwa kabatini. Zikakaa humo miaka ishirini na zaidi. Katika miaka hiyo hiyo, sisi tuliokuwa wodini na maabarani tulikuwa tunawapa wagonjwa sindano ya aseniki.

Mimi ni fundi wa maabara. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye darubini, katika hospitali moja ya magharibi mwa Tanzania, kwenye misitu ya miombo na mizinga ya nyuki. Vijana wengi huniuliza dawa mpya hupatikana vipi. Wanadhani kuna bingwa mmoja anayeamka usiku na wazo. Huwa nawasimulia habari ya malale, kwa sababu ndani yake kila hatua inaonekana, pamoja na ile hatua ambayo wanadamu walikataa kuipiga kwa muda mrefu.

Malale huenezwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Ukiweka tone la damu mbichi ya mgonjwa chini ya darubini, kimelea chenyewe hukioni mara moja. Unachoanza kukiona ni chembe nyekundu zikisukumwa huku na huku, halafu jicho linamnasa yule anayezisukuma, mwembamba, anayejinyonganyonga. Wapo wa aina mbili wanaomdhuru binadamu. Aina ya Afrika ya kati na magharibi hula mtu polepole, kwa miezi na hata miaka, na wagonjwa wake wengi wako Kongo. Aina yetu ya mashariki hukaa kwa wanyamapori na ng'ombe, na mtu asipotibiwa humuua kwa wiki au miezi michache. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili. Katika mlipuko wa mwanzo wa karne ya 20 kwenye eneo la Busoga na visiwa vya ziwa Viktoria, watu zaidi ya 200,000 walikufa.

Namkumbuka mrina asali mmoja aliyeletwa na kaka zake. Mchana kutwa alisinzia, usiku akitangatanga na kugombana na kila mtu. Nyumbani walisema amerogwa, na walikuwa wameshampitisha kwa waganga. Nilipotazama maji ya uti wake wa mgongo niliwakuta vimelea, maana yake ugonjwa ulikuwa umeshafika kichwani. Dawa iliyokuwepo ni melasoproli, mchanganyiko wa aseniki uliotumika tangu mwaka 1949. Tulitumia bomba la sindano la kioo kwa sababu kimiminika chake huyeyusha plastiki. Wagonjwa walisema wanasikia moto ukipita mishipani. Karibu watu 5 katika kila 100 waliopewa dawa ile waliuawa nayo, kwa kuvimba ubongo. Mrina asali alikuwa mmoja wao. Alipata degedege akiwa katikati ya matibabu, akapoteza fahamu, hakuamka. Muuguzi aliyemchoma alilia waziwazi, na sikuona ajabu.

Sasa, kwa nini ilikuwa vigumu kupata kitu bora? Sababu moja ni ya kisayansi. Seli za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebanana sana, na kemikali nyingi haziwezi kupenya. Suramini, dawa iliyopatikana Ujerumani mwaka 1916 na bado inatumika, husafisha damu vizuri lakini ubongoni haifiki ya kutosha. Anayetafuta dawa ya malale anatafuta kemikali itakayoupenya ukuta huo, imuue mdudu upande wa pili, na isimdhuru mwenye ubongo.

Sababu ya pili ni fedha, na hiyo inaniuma zaidi. Chukua eflonithini. Ilitengenezwa miaka ya 1970 ikitarajiwa kutibu saratani. Mwaka 1980 Cyrus Bacchi na wenzake, huko New York, walionyesha kwamba inaponya panya wenye malale. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa mahututi, wakaamka. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1990, na miaka michache tu baadaye utengenezaji wake ukasimamishwa, kwa kuwa walioihitaji walikuwa maskini wa vijijini. Ilirudi sokoni kwa njia nyingine: kemikali ileile ilitiwa katika krimu ya kupunguza nywele zinazoota usoni mwa wanawake. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipiga kelele, na mwaka 2001 wakapata mkataba wa kuitengeneza tena kwa ajili ya wagonjwa. Yaani sayansi ilikuwa imekamilika, kiwanda kilikuwa kinajua kuitengeneza, na bado watu walikuwa wanachomwa aseniki.

Kutokana na hasira ya namna hiyo, mwaka 2003 lilianzishwa shirika lisilo la kibiashara liitwalo DNDi, lenye makao Geneva, kazi yake ikiwa kutafuta dawa za magonjwa yasiyo na soko. Miongoni mwa waanzilishi ni taasisi yetu ya jirani, KEMRI ya Kenya. Mwaka 2005 watu wa DNDi walianza kupekua makabati. Walikusanya kemikali zaidi ya 700 za ukoo wa nitro, nyingine kutoka vyuo vikuu, nyingine kutoka kampuni zilizokwisha kuziacha, wakaanza kuzipima moja baada ya nyingine. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika taasisi ya magonjwa ya nchi za joto iliyoko Basel, Uswisi.

Kipimo cha kwanza ni rahisi kuelewa, na mtu wa maabara hukipenda. Unachukua kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo 96. Kila kishimo unakitia vimelea hai pamoja na kemikali unayoichunguza, kuanzia kipimo kikubwa kushuka hadi kidogo kabisa. Baada ya siku chache unaongeza rangi ya buluu. Vimelea wakiwa hai, rangi hugeuka waridi. Wakiwa wamekufa, inabaki buluu. Kwa kutazama buluu inapoishia unajua kiasi gani cha kemikali kinatosha kuua. Kisha unarudia kipimo kilekile kwa seli za mnyama, na hapo unaombea waridi, kwa sababu kemikali inayoua kila kitu ni sumu tu. Kemikali nyingi huishia hapo.

Zinazobaki huenda kwa panya, na kwa malale kuna kipimo kikali: panya huambukizwa, huachwa mpaka vimelea wafike ubongoni, ndipo wapewe dawa, halafu wafuatiliwe miezi mingi kuona kama ugonjwa utarudi. Feksinidazoli ilipita. Ikagundulika pia kwamba mwili unapoivunja huigeuza kuwa kemikali mbili nyingine ambazo nazo zinaua vimelea.

Lakini ukoo wa nitro una sifa mbaya. Kemikali zake nyingi huharibu vinasaba, na kinachoharibu vinasaba kinaweza kuleta saratani. Feksinidazoli ilipopimwa kwa bakteria ilionekana kuviharibu, na katika kampuni yenye haraka faili lingefungwa siku hiyo. Watafiti waliuliza swali moja zaidi: je, anayeleta uharibifu huo ni dawa, au ni bakteria mwenyewe? Wakarudia kipimo kwa bakteria walioondolewa kimeng'enya fulani kinachoiamsha kemikali ya nitro. Uharibifu ukapungua mno. Wakapima kwa seli za mamalia, hawakuona uharibifu. Kumbe bakteria alikuwa anaigeuza dawa kuwa sumu ndani yake mwenyewe, na kimelea cha malale kina kimeng'enya cha jinsi hiyo, ambacho mwanadamu hana. Jibu la swali lile likaeleza pia namna dawa inavyoua. Mimi nikisoma habari kama hiyo husimama kidogo. Kipimo kibaya kilichofanyiwa subira kimeokoa watu.

Mwaka 2009 dawa ikaanza kupewa watu wazima wenye afya waliojitolea huko Ufaransa. Ikaonekana kwamba tumbo tupu haliipokei vizuri, na chakula huongeza sana kiasi kinachoingia damuni. Sasa, mgonjwa wa kijijini Kongo hali kifungua kinywa cha mayai na siagi. Kwa hiyo wakaijaribu dawa pamoja na wali na maharage, ikafaa. Hapo ndipo unapomwona mtafiti anayemjua mgonjwa wake.

Jaribio kubwa lilianza mwaka 2012, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, likiongozwa na madaktari wa Kikongo, akiwemo Victor Kande, aliyewatibu wagonjwa wa malale kwa miaka mingi na kuyajua madhara ya aseniki kwa macho yake. Wagonjwa walikuwa 394. Vituo vingine havikuwa na umeme wala barabara ya kuaminika. Ilibidi kupeleka jenereta, kufundisha wahudumu, kueleza kila mgonjwa na ndugu zake kwa lugha yao jaribio ni nini na kwamba wana haki ya kukataa. Baada ya matibabu walifuatiliwa miezi 18, wakirudi kutolewa tena maji ya uti wa mgongo, kitu ambacho hakuna anayekipenda. Sehemu hii ya utafiti haipigwi picha, na mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote.

Waliopewa feksinidazoli walipona kwa asilimia 91. Waliopewa tiba iliyokuwepo wakati huo, eflonithini ya dripu pamoja na vidonge vya nifutimoksi, walipona kwa asilimia 98. Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini kushangilia dawa iliyo chini kidogo? Nami namjibu kwamba dripu ile hutaka mara 14 ndani ya wiki, kila moja saa mbili, hospitalini, na muuguzi pembeni. Vidonge ni vitatu kwa siku nne, viwili kwa siku sita, basi. Asiyeweza kufika hospitalini, asilimia 98 haimhusu. Kwa wale ambao ugonjwa umekolea sana ubongoni, wataalamu walisema dripu ibaki, na wakasema hivyo wazi. Wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliipitisha Novemba 2018, na mwezi uliofuata Kongo ikaisajili.

Aina yetu ya mashariki ilisubiri zaidi. Jaribio lilifanyika Rumphi nchini Malawi na Lwala nchini Uganda, kwa wagonjwa 45, kwani wagonjwa wenyewe ni wachache na hupatikana kwa taabu. Idhini ilikuja Desemba 2023, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka feksinidazoli mahali pa melasoproli. Nilipozipata habari hizo nilimfikiria mrina asali, na kiasi cha miaka kilichopotea kabatini.

Nyuma ya feksinidazoli inakuja akoziboroli, kemikali yenye boroni ndani yake, inayomezwa vidonge vitatu mara moja tu. Katika jaribio la Kongo na Guinea, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, ilitibu asilimia 95 ya waliokuwa katika hatua ya pili ya ugonjwa. Ilikuwa imeshaanza kupewa wagonjwa kabla wanasayansi hawajajua hasa inashika wapi ndani ya kimelea. Hilo lilijulikana mwaka 2018.

Mwaka 1998 waliogundulika kuwa na malale Afrika nzima walikaribia 40,000. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Si dawa peke yake iliyofanya hivyo; kuna timu za upimaji zilizokwenda kijiji kwa kijiji, na mitego ya mbung'o. Mwaka 2025 ilithibitishwa kwamba malale si tatizo la afya ya jamii tena nchini Kenya.

Tanzania bado tuna mbung'o katika mapori na hifadhi zetu. Kwa hiyo nawaomba mnaorina asali, mnaochunga, mnaopasua mbao na mnaoongoza watalii: ukipata homa isiyoisha na kipimo cha malaria kikasema huna, mwambie mhudumu wa afya kwamba ulikuwa kwenye pori lenye mbung'o, na umwombe akupime damu kwa darubini. Na ukipewa vidonge vya feksinidazoli, vimeze umeshiba.