Diski Mbili za Bei Nafuu Zinashinda Moja ya Ghali

Chomoa flashi kwenye kompyuta, uitazame kwa makini. Ndani ya kichwa chake cha chuma kuna vipande vinne vyembamba vinavyong'aa kwa manjano. Kwenye flashi nzuri hiyo ni dhahabu halisi, imepakwa juu ya nikeli kwa unene usiofika hata maikromita moja. Viwanda huichagua kwa sababu haishiki kutu, hivyo umeme hupita bila kikwazo miaka na miaka. Tatizo ni kwamba uimara huo unaishia mlangoni. Kilichohifadhiwa ndani hakidumu kama dhahabu.

Kwa wakazi wa Shinyanga na Geita jambo hili si dogo. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe Geita mwezi Machi 2019 na mengine yakafuata, shughuli za mchimbaji mdogo zimezidi kuhitaji kumbukumbu: leseni, risiti za mauzo, mrabaha, na hesabu za mgao wa mifuko ya mawe kati ya mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na wachimbaji. Katoro au Kahama, mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta moja ya nyumbani, hiyohiyo yenye picha za harusi na nyimbo za kwaya. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka isiyopungua mitano. Kompyuta ikifa mwaka wa tatu, mkaguzi bado atazitaka.

Ukienda dukani kutafuta kifaa cha kuhifadhia nakala, utakuta aina kuu mbili.

Ya kwanza ni diski ngumu ya kubebeka. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na taarifa huandikwa juu yake kwa sumaku. Kichwa kinachosoma huelea nanomita chache tu juu ya sahani, wakati unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Kwa hiyo adui yake mkubwa ni mtikisiko. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa kampuni ya Sun Microsystems, alipiga kelele mbele ya diski zilizokuwa zikifanya kazi, na mtambo wa vipimo ukaonyesha papo hapo kwamba zimezorota. Ikiwa sauti ya mtu inatosha kuisumbua diski, karasha linalosaga mawe nyuma ya ukuta linaweza zaidi. Unaponakili, iweke juu ya meza imara, usiiguse hadi imalize. Ikizimwa, kichwa hujiegesha pembeni, nayo huvumilia safari vizuri zaidi. Vumbi halina shida ikiwa diski imefungwa. Ila fundi akikuambia ataifungua mezani pake aipulize, ichukue uondoke.

Aina ya pili ni flashi na ndugu yake SSD. Hazina kinachozunguka. Taarifa hukaa kama elektroni zilizofungiwa ndani ya seli ndogo mno, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Hazijali mtikisiko, na SSD ina kasi kubwa. Lakini elektroni huvuja kidogo kidogo, na joto huziharakisha. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii huoza, hasa ikisahaulika kabatini chini ya bati la moto bila kuunganishwa na umeme. Kwa nakala ya kuweka miaka mingi, diski ngumu ni salama zaidi, tena ni rahisi zaidi kwa kila GB.

Kipimo cha bei ni hicho: gawanya bei kwa idadi ya GB. Ukinunua diski ya TB 1 na kompyuta ikaonyesha GB 931, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa kumi, Windows huhesabu kwa mbili. Mwizi halisi ni flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya kutupa. Programu yake ya ndani imechezewa itangaze nafasi isiyokuwepo, na ikijaa, faili mpya hufuta za zamani kimyakimya. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza yote na kusoma upya kilichoandikwa. Fanya jaribio hilo kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Kuhifadhi mtandaoni je? Google hutoa GB 15 bure, zinazotosha leseni na risiti. Kupandisha GB 500 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku tisa mfululizo, mbali na gharama ya bando. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima.

Lakini hata diski bora kabisa ni moja tu. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi. Umeme ukiruka kupitia soketi huua kompyuta na kila kilichochomekwa. Mwizi huchukua vyote vilivyo mezani, na kirusi cha kudai fidia hufunga faili za diski yoyote iliyounganishwa. Ndiyo maana kasha moja lenye diski mbili ndani halitoshi. Mpiga picha Peter Krogh wa Marekani ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba.

Kwa bajeti ya kawaida, nunua diski ngumu mbili za bei nafuu. Moja ibaki nyumbani ikiwa imechomolewa, nyingine ikae kwa ndugu mtaa mwingine, na mzibadilishane kila mwezi. Zote zifunge kwa nywila, kwani hesabu za dhahabu si za kila jicho. Nyaraka nyeti chache ziweke pia mtandaoni.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: chukua mojawapo ya diski hizo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili za mwaka jana. Zikifunguka, una akiba. Zisipofunguka, huna, na ni heri ujue leo.