Kuku anayeatamia si adui wa mfugaji

Wafugaji wadogo wa kuku wa kienyeji, wa mijini na wa mashambani, wana lalama moja inayosikika kila pembe ya nchi. Kuku hutaga mayai 10 hadi 15, kisha hukatiza kazi hiyo ghafla, akajikunyata kiotani, akatimua manyoya na kumdonoa kila anyooshaye mkono. Mwenye kuku, ambaye amekwisha kuzoea kuokota yai karibu kila siku, hujiona amedhulumiwa. Hapo hukumu hupitishwa, na aghalabu huwa kali. Kuku hutumbukizwa katika ndoo ya maji baridi, au hufungwa mguu kwenye kigingi juani, au hufunikwa kwa karai siku mbili bila tone la maji. Asipokoma hupelekwa sokoni. Ni nadra mtu kuuliza kosa la kuku huyu ni lipi hasa.

Lugha yetu haikuliona kuwa kosa. Kiswahili kina neno mahususi kwa takriban kila hatua ya maisha ya ndege huyu. Kuku jike anayekaribia kutaga ni mtetea. Akishakuwa mzazi ni koo. Dume changa ni pora. Koo hutaga, huatamia, huangua, kisha hulea. Yai lililoharibika kabla ya kutoa kifaranga ni viza. Msamiati wa namna hii hauzuki bure. Ni ushahidi kwamba waliotutangulia waliitazama kazi ya kuku kwa makini, wakaiona kuatamia kuwa kazi kama kutaga kulivyo kazi. Sisi ndio tuliolitia neno hilo doa tulipoanza kusema kwamba afisa fulani ameatamia faili. Kumlinganisha kuku na afisa wa aina hiyo ni kumwonea kuku, kwa maana yeye hutoa matokeo baada ya siku 21, na hahitaji kitu kidogo ndipo ainuke.

Wataalamu wa mifugo nao wametufafanulia kinachomsibu. Mayai yanapokusanyika kiotani, na kuku akayahisi kifuani mwake katika mahali penye joto na kivuli, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huzidisha kutoa homoni iitwayo prolaktini. Homoni hiyo husimamisha utagaji na kumtia kuku hamu ya kulalia. Manyoya ya kifuani hupukutika ili ngozi igusane na mayai. Kuku hutoka kiotani mara moja hivi kwa siku, akala upesi, akanywa, akajisaidia na kurejea. Kwa hiyo anayeatamia si mgonjwa wala si mkaidi. Mwili wake umebadilika, na mwili hauelewi adhabu.

Hata hivyo, mfugaji naye ana haki yake, na tusiifanyie mzaha. Kuku wa kienyeji akiachwa afuate mwendo wake, atataga kwa majuma mawili au matatu, ataatamia kwa majuma matatu, na atalea vifaranga kwa majuma manane hadi kumi. Hiyo ni miezi mitatu na ushei. Kwa hesabu hiyo, kuku atataga mizunguko mitatu tu kwa mwaka, yaani mayai 45 yakizidi sana. Kwa mama anayetegemea mayai hayo kununua sukari, daftari na mafuta ya taa, miezi ya kungoja ni mirefu. Isitoshe, wapo kuku wanaoatamia kiota kitupu, wasio na jogoo wala yai lenye mbegu. Huyo hudhoofika bure, akaandamwa na chawa na utitiri, na hakuna kifaranga atakayetokea. Kumzuia kuku wa namna hiyo ni kumhurumia.

Njia ya kumzuia ipo, na haihitaji ukatili. Kwanza, mayai yaokotwe kila siku, kwa maana lundo la mayai ndilo linalomwita kuku alale. Ukihofia kwamba atakihama kiota, mwachie yai moja ulilolitia alama ya makaa. Pili, kuku akianza kung'ang'ania kiotani, aondolewe mapema. Atiwe katika kizimba kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye sakafu ya waya au fito zilizoachana ili hewa ipite chini ya kifua chake. Kizimba kiwe na mwanga, kisiwe na nyasi wala pembe ya kujificha, na chakula na maji visikosekane hata saa moja. Joto la kifuani likipungua, ile homoni nayo hupungua. Siku tatu au nne hutosha kwa kuku wengi. Akifunguliwa na kukimbilia kiotani tena, arudishwe kwa siku mbili zaidi. Aliyewahiwa siku ya kwanza au ya pili hurejea kutaga mapema kuliko aliyeachwa juma zima.

Zile adhabu nyingine hazina faida. Kumlowesha kuku mnamo Julai huko Limuru au Nyahururu ni kumkaribishia maradhi. Kumnyima chakula ni kuahirisha kutaga, kwa sababu yai hutengenezwa kwa lishe na kuku huyu tayari amekonda. Tena Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, haikuwaandikia punda na mbwa peke yao.

Lakini kabla ya kujenga kizimba, mfugaji ajiulize kama kweli hahitaji vifaranga. Koo mwema ni mashine ya kuangulia isiyotumia umeme, isiyoharibika kipuri, na ambayo baada ya kuangua hugeuka mlezi na mlinzi dhidi ya mwewe. Akiwa na makoo watatu walioanza kulalia siku zinazokaribiana, awape mayai siku moja. Mayai hayo yawe hayajapita siku kumi tangu kutagwa, na yawe yamehifadhiwa mahali pa baridi kiasi, ncha iliyochongoka ikielekea chini. Baada ya juma moja ayamulike kwa tochi usiku na kuondoa yasiyo na mbegu. Vifaranga wakianguliwa, wakusanywe usiku chini ya mlezi mmoja aliye mpole, kisha wale wawili waliobaki wapelekwe kizimbani ili warejee kutaga. Kwa mpango huo nyumba hupata vifaranga na mayai kwa pamoja, na hakuna kuku aliyeteswa.

Nasisitiza hili kwa sababu liko jambo kubwa zaidi ya mayai ya mwezi huu. Tabia ya kuatamia hurithiwa. Kuku wa Leghorn, waliotoka Italia na kuenea duniani kwa sifa ya kutaga, ni nadra kuatamia, kwa kuwa kizazi baada ya kizazi wafugaji walichagua wale wasiolalia. Kuku hao wana nafasi yao katika mabanda makubwa yenye mashine na umeme wa uhakika. Lakini mama mwenye kuku sita nyuma ya nyumba, akiuza kila koo anayeatamia na kubakiza wasioatamia, anaondoa uwezo wa kundi lake kujizalisha lenyewe. Siku kideri kitakapopita na kufagia boma, atalazimika kwenda kununua vifaranga wa siku moja kwa bei asiyoipanga yeye. Kuku atakuwa wake, lakini mbegu itakuwa ya mwingine.

Itakuwa ajabu hali hiyo ikitufika wakati huu ambapo neno kienyeji, lililokuwa likitamkwa kwa dharau, limekuwa la kupandishia bei sokoni. Mnunuzi wa Nairobi hulipa zaidi kwa yai la kienyeji kuliko kwa yai la gredi. Anachokilipia ni kuku anayejitafutia, anayestahimili, na anayejua kulea wanawe. Huwezi kuuza sifa hiyo sokoni huku ukiiadhibu nyumbani.

Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Maafisa wa mifugo wanaotembelea vikundi vya akina mama wafundishe mambo mawili pamoja, yaani namna ya kumzuia kuku asiyestahili kuatamia na namna ya kumchagua, kumlisha na kumlinda anayestahili. Mfugaji ajuaye la kwanza pekee atapata mayai ya leo. Ajuaye yote mawili atakuwa na kuku hata mwaka ujao.