Je, Wajua? Nyasi, Ziwa na Barafu Karibu na Ikweta

Wewe uliyekaa barazani Mji wa Kale ukijipepea kwa gazeti, wajua kwamba katika Kenya hii hii, hatua chache kutoka ikweta, kuna bonde la nyasi ambalo usiku hugandishwa na baridi? Ni Bonde la Gorges, Mlima Kenya. Ndani yake limetulia Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000 juu ya bahari unayoiona hapo mbele yako.

Kahawa yako je? Hapa Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Kule ziwani huchemka kwa nyuzi 87 hivi, basi utayaona yakitokota mpaka uchoke na maharagwe bado magumu kama kokoto!

Sasa shika hili. Kuna mmea huko uitwao lobelia, unaoweka maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji huganda, lakini chini ya barafu maji hubaki maji, na kichipukizi kilichomo hakidhuriki. Ukifika, amka alfajiri, tia kidole: utagusa barafu nyembamba, na jua likipanda haipo tena. Ndugu yake, lobelia ya Teleki, hukua miongo kadhaa, huchanua mara moja, kisha hufa. Mara moja tu, bwana!

Na pimbi wa huko? Umbo lake halimpiti paka wa Mji wa Kale, lakini kati ya wanyama wa nchi kavu, jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni tembo. Haya hana: fungua biskuti, yuaja mwenyewe.

Wageni wa mlima huu wana visa. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa 1844, aliuona akiwa Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, akasema una theluji. Ulaya wakambishia: theluji ikweta? Mvumbuzi Joseph Thomson alitoka Mombasa 1883, akauona kwa macho yake, na ubishi ukaisha.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi Mei 1899. Njia ikafupika: tarehe 13 Septemba mwaka huo huo, mpanda mlima Halford Mackinder alikuwa amesimama juu ya Batian, kilele kirefu kuliko vyote mlimani, mita 5,199.

Lakini mimi wanaonifurahisha zaidi ni Waitaliano watatu wa 1943. Walikuwa mateka wa vita kambini Nanyuki. Felice Benuzzi na wenzake wakatoroka, wakapanda mlima kwa vifaa walivyojitengenezea kwa siri, na sehemu ya ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama! Wawili kati yao wakasimika bendera yao kwenye kilele cha Lenana. Halafu wote watatu wakafanya nini? Wakarudi kambini wenyewe, wakafungiwa.

Kwenye Lenana hiyo hiyo, usiku wa Uhuru, Desemba 1963, mpanda mlima Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya.

Wajua pia kuwa Prince William alimposa Kate Middleton kwenye mlima huu, Oktoba 2010? Wangekuja Lamu mimi ningeelewa, lakini walichagua baridi.

La mwisho, nalo si la kucheka. Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na bado yapungua. Kama wataka kuiona, panga safari sasa, na sweta usisahau.