Kilomita Elfu Moja kwa Pikipiki ya cc 125

Mwanachama yeyote aliyekaa Uskoti zaidi ya muhula mmoja ameshaambiwa aende kaskazini. Ataambiwa kuna milima, kuna maziwa, kuna kulungu, na tena hakuna watu. Hilo la mwisho husemwa kama sifa. Vijitabu vya watalii hulisema, wenye mapikipiki makubwa hulisema kwenye migahawa ya njiani, na sisi wenyewe tuliochoshwa na kelele za Glasgow hulirudia vilevile. Juni iliyopita tulikwenda wawili, mimi na kaka yetu mmoja anayesomea uhandisi, kwa siku tano na zaidi ya kilomita 1,000. Milima tuliiona. Juu ya watu, nina la kusema.

Kwanza chombo, maana ndilo swali ambalo kila mtu ameniuliza. Kaka ana leseni kamili na pikipiki kubwa ya kubebea mizigo. Mimi nina ya cc 125, ukubwa ambao kwetu ni bodaboda ya kawaida kabisa. Hapa Uingereza mwenye leseni ya mwanafunzi anaruhusiwa kuendesha pikipiki ya kiasi hicho akishapata cheti cha mafunzo ya msingi, na cheti chenyewe hudumu miaka 2. Anafunga kibao cheupe chenye herufi L nyekundu mbele na nyuma. Haruhusiwi kuingia barabara kuu za mwendo kasi, wala haruhusiwi kupakia abiria. Yaani ni bodaboda iliyonyimwa kazi yake. Lakini tangi lake likijaa linakwenda zaidi ya kilomita 300 bila wasiwasi, na kaskazini hilo lina maana, kwa sababu sheli ziko mbalimbali na nyingine hazina mtu, ni pampu na mashine ya kadi tu.

Siku ya kwanza tuliifuata A82 kando ya Loch Lomond, tukavuka nyika ya Rannoch na kushuka Glencoe. Glencoe mmeiona kwenye filamu, sitaieleza. Nitasema tu kwamba pale nyikani upepo ulinipiga ubavuni mpaka nikawa naendesha kwa kuinama upande mmoja hata barabara ikiwa imenyooka. Kaka aliyekuwa nyuma alinicheka jioni: "Mdogo wangu, leo umeendesha kama jahazi la tanga moja."

Kuanzia siku ya pili barabara zikawa za njia moja. Hizi zinahitaji adabu yake. Lami ni ya upana wa gari moja, na kila baada ya mita chache pana kibaraza cha kupishana chenye mlingoti na kibao. Ukiona gari linakuja, aliye karibu na kibaraza ndiye anayengoja. Kikiwa upande wako wa kushoto unaingia; kikiwa kulia unasimama mkabala wake ili mwenzako aingie. Mkipita mnapungiana mkono. Na aliye nyuma yako mwenye haraka unampisha papo hapo, hata kama unaona uko sawa. Kondoo hawana adabu hiyo. Wanalala juu ya lami kwa sababu inahifadhi joto la jua, na honi ya cc 125 haiwashtui. Pia pana zile nondo za chuma zilizolazwa kukatiza barabara ili mifugo isivuke. Zikilowa huteleza, kwa hiyo unazipita ukiwa umenyooka, bila kukanyaga breki wala kukata kona.

Kitu kilichonishika zaidi, pengine kwa kuwa ni mwanafunzi wa lugha, ni majina. Vibao vya barabarani vingi huku vina Kigaeli juu na Kiingereza chini. Ukijifunza maneno kumi tu, ramani inaanza kusema. *Beinn* ni mlima, *gleann* ni bonde, *bealach* ni kipito kati ya milima. *Mòr* ni kubwa, *beag* ni dogo, *dubh* ni jeusi, *dearg* ni jekundu. Kisha unagundua kwamba Kigaeli kinatanguliza nomino, sifa inafuata, kama sisi: Beinn Dearg ni Mlima Mwekundu, neno kwa neno. Inverness ni mlango wa mto Ness. Kinlochewe ina neno la kichwa na neno la ziwa ndani yake, yaani pale ziwa linapoishia. An Teallach, mlima wenye kilele cha mita 1,062, maana yake ni kiwanda cha mhunzi, na ukiuona machweo hutauliza kwa nini. Hakuna kijito, mwamba wala kinamasi kisicho na jina. Mahali pasipokuwa na watu hapawi na majina mengi namna hiyo. Mtu huita jina kile anachokitumia: alikochungia, alikochotea maji, alikofukua udongo wa kuwashia moto.

Tukafika chini ya Bealach na Bà, Kipito cha Ng'ombe, njia ambayo wachungaji waliswagia mifugo yao kutoka Applecross. Barabara inaanzia usawa wa bahari na kupanda mita 626 kwa kona kali, na mahali pengine mwinuko unafika asilimia 20. Pale njia panda pana bango kubwa linaloonya kwamba barabara hii haishauriwi kwa madereva wanafunzi. Kaka alilisoma, akakitazama kibao changu chenye L.

"Mimi napanda, mdogo wangu. Wewe je?"

"Mimi nazunguka kwa pwani, kaka."

"Haya. Atakayetangulia aagize samaki."

Njia ya pwani inapitia Shieldaig na ni ndefu mara kadhaa. Watalii wengi huiona ni njia ya wanaoogopa. Kwangu ndiyo iliyokuwa siku bora ya safari. Inapanda na kushuka kando ya bahari, ikipita penye kuta za mawe zisizo na paa, na nyumba moja hapa, nyingine kule. Vijiji vya upande huu vilikuwa na watu, lakini havikuwa na barabara ya gari. Barabara iliyowafikia ilikamilika katikati ya miaka ya 1970, na wakati huo wengi walikuwa wameshaondoka.

Ng'ambo ya mlango wa bahari unakiona kisiwa cha Raasay. Huko aliishi Calum MacLeod, ambaye kijiji chake cha Arnish hakikuwa na barabara, na maombi kwa wakubwa hayakuzaa kitu. Akaanza kuitengeneza mwenyewe mwaka 1964, kwa sururu, koleo na toroli, karibu kilomita 3 za miamba na kinamasi. Ilimchukua miaka kama 10. Alipomaliza, waliobaki kijijini walikuwa yeye na mke wake. Nilizima injini nikakitazama kisiwa kile kwa muda, mpaka usubi uliponifukuza. Usubi wa Uskoti ni mdogo kuliko wa kwetu lakini unakuja kwa maelfu, na ukishaingia ndani ya helmeti hakuna la kufanya ila kuondoka kwa mwendo wa kasi.

Kaka alikuwa ameshakula nilipofika. Alinieleza kipito chote kwa mikono, kona baada ya kona, na nilimsikiliza kwa furaha.

Siku ya tatu nitaipita haraka ingawa kwa macho ndiyo iliyokuwa nzuri kupita zote: Torridon, Gairloch, Ullapool, halafu Assynt. Huko milima haishikani safu kama Usambara au Aberdare. Kila mmoja umesimama peke yake kama mtu aliyegombana na wenzake. Suilven una mita 731 tu, chini kuliko mji wa Arusha, lakini kwa jinsi unavyochomoza kutoka tambarare la maziwa na mawe hutaamini. Sehemu ya mawe ya chini yana umri wa miaka bilioni 3 hivi, na yale mekundu yaliyokaa juu yake ni kama bilioni 1. Daraja la Kylesku, lililofunguliwa 1984, linapinda juu ya hori, nasi tulilivuka mara mbili kwa ajili ya raha tu. Magari yalikuwa mengi, hasa yale ya kulala ndani, tangu njia ya watalii iitwayo North Coast 500 ilipotangazwa 2015.

Tulilala Durness, karibu na ncha ya kaskazini-magharibi. Saa nne usiku jua lilikuwa bado liko. Kaka alitaka kujua Isha ni saa ngapi mahali ambapo giza lenyewe haliingii sawasawa, tukakaa tukilinganisha programu mbili za simu zilizotofautiana, kila moja na rai ya wanazuoni wake. Mkoa wenyewe unaitwa Sutherland, maana yake Nchi ya Kusini, kwa sababu waliouita hivyo walikuwa Wanorsi waliokuja kutoka kaskazini zaidi kwa jahazi. Tulicheka sana.

Siku ya nne tulifika Bettyhill, kijiji kilichopewa jina la Elizabeth, aliyekuwa Bibi wa Sutherland, mwenye ardhi yote hiyo. Kanisa la zamani limefanywa makumbusho ya bonde la Strathnaver. Nje yake tulimkuta mzee mmoja ameketi, akatuuliza tunatoka wapi, na kibao changu cha L kikamfurahisha mno. Mazungumzo yakafika kwenye lugha. Alisema mama yake alizungumza Kigaeli na dada yake jikoni, lakini watoto wakiingia waligeuza Kiingereza. Hawakukatazwa na mtu wakati huo. Walishazoea. Shule zilizoanzishwa kwa sheria ya 1872 hazikukipa Kigaeli nafasi yoyote, na wazazi wenyewe waliona Kiingereza ndicho kitakachomtoa mtoto. Sheria ya kukilinda Kigaeli ilikuja 2005. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na nyinyi huku, watoto wenu mnawasemesha lugha gani?"

Kaka ana binti wa miaka minne Glasgow. Wanachama wengi mnamjua, ndiye anayetukimbilia kwenye mikutano. Kaka alijibu, "Mchanganyiko, mzee," akainama kukaza mkanda wa mzigo uliokuwa umeshakazwa.

Kutoka Bettyhill tuliingia bondeni. Mto Naver unatiririka polepole, majani mabichi pande zote, ardhi nzuri kwa ng'ombe na shayiri. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 bonde hili lilikuwa na vijiji, kimoja baada ya kingine. Wenye ardhi waliona kondoo wana faida zaidi kuliko wapangaji, na mwaka 1814, kisha 1819, watu walitolewa, mapaa yakachomwa ili wasirudi, wakapelekwa pwani kwenye vijishamba vya mawe wakaambiwa wajifunze uvuvi. Patrick Sellar, msimamizi wa mali ya ukoo huo, alikuwa mwenyewe amekodi ardhi hiyohiyo kwa ajili ya kondoo wake. Alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa vifo vilivyotokea, akaachiliwa. Fundi mwashi mmoja wa bonde hili, Donald Macleod, aliandika baadaye kwamba usiku mmoja alipanda juu ya kilima akahesabu nyumba 250 zikiwaka. Alifia Kanada.

Karibu na Syre unaegesha pikipiki na kutembea msituni mpaka Rosal, kijiji alichotoka Macleod. Misitu ya kupandwa inakizunguka, katikati pameachwa wazi. Unaona misingi ya nyumba iliyofunikwa na nyasi, zizi, na vilindi vya mistari ardhini ambavyo ukitazama vizuri ni matuta. Matuta ya shamba, marefu, yamelala sambamba kama ya shamba lolote la mihogo. Miaka 200 hayajalimwa na bado yanaonekana. Wakenya mliosoma historia ya nyanda za juu mnajua namna ardhi "tupu" inavyopatikana, tena baadhi ya waliokwenda kuigawana kule walitoka Uskoti hii. Kaka alitembea kutoka msingi mmoja hadi mwingine akizipima kwa hatua, kihandisi. "Nane kwa nne," alisema. "Hii ilikuwa na watu wengi ndani."

Ukienda mbele unapita Loch Naver, na magofu mengine ya Grummore ufukweni, mpaka Altnaharra, nyumba chache ambako Desemba 1995 palipimwa nyuzi 27.2 chini ya sifuri, baridi isiyowahi kuzidiwa Uingereza. Sisi tulipata manyunyu tu. Tulilala Lairg, na siku ya tano tukashuka Inverness na kushika A9 kuelekea nyumbani, barabara ya malori, ambayo mwenye cc 125 huivuka kwa kushikilia usukani na kusoma dua.

Wanaotaka kwenda Juni ijayo wamwone katibu mapema. Fanyeni mafunzo ya cheti kabla ya Pasaka, nunueni neti ya kichwa ya kuzuia usubi, na jazeni mafuta kila mnapoiona sheli hata kama tangi liko nusu. Kaka amesema atakuja tena, safari hii na familia yake, kwa gari. Ameshamfundisha binti yake majina ya milima mitatu: kwa Kigaeli, na maana yake kwa Kiswahili.