Kazi ya Kukereza Vyuma na Vidole Vyetu



Iwe ni kiwanda cha chai Kericho, cha sukari Kakira au cha mkonge Tanga, wengi wenu mnaifahamu karakana kwa jambo moja. Mtambo ukisimama, shafti huletwa kwetu, na mkuu wa zamu husimama mlangoni akiuliza itakuwa tayari saa ngapi. Leo tunataka kueleza kinachofanyika humo ndani, na jinsi swali hilo la saa linavyoweza kumkata mtu vidole.

Mashine ya kukereza, ambayo wengi wetu tunaiita lethi, ni kinyume cha keekee. Katika keekee chombo kinachokata ndicho huzunguka, na kitu hutulia. Katika lethi chuma ndicho huzunguka, kimebanwa na taya tatu au nne, na kisu husogezwa taratibu kando yake. Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza lethi ya kukatia nyuzi za skrubu huko London miaka ya karibu na 1800, na fundi wa zama zake angeitambua ya kwetu bila shida. Viwanda vikubwa sasa vina mashine zinazoongozwa na kompyuta. Sisi bado tunazungusha gurudumu kwa mkono.

Kwanza ni mwendo. Chuma laini cha kawaida, kikikatwa kwa kisu cha kawaida cha chuma kigumu, kinafaa kupita mbele ya kisu kwa mita 25 hivi kila dakika. Shafti yenye kipenyo cha milimita 40 basi huzungushwa mara 200 kwa dakika, na ya milimita 80 mara 100 tu. Wanagenzi hudhani kitu kinene kinataka nguvu na mbio. Kumbe mzunguko wake mmoja ni safari ndefu, hivyo hupunguzwa. Anayeharakishwa huongeza mwendo, kisu hupata moto, ncha hufa, na kazi huanza upya.

Pili ni kipimo, na hapa ndipo haraka inapoharibu zaidi. Bushi la bronzi la shafti ya milimita 40 huhitaji nafasi ya sehemu kama nne za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele, ili mafuta yapite. Chuma kikipata joto hutanuka. Shafti hiyo ikiwa na joto la nyuzi 50 zaidi ya hewa ya karakana, kipimo chake huzidi kwa sehemu zaidi ya mbili za mia. Ukiipima ikiwa moto itaonekana sawa. Ikipoa itacheza ndani ya bushi, na baada ya wiki chache mtambo utasimama tena. Kungoja ipoe ni sehemu ya kazi, si uvivu.

Mabaki ya chuma hutoka kama utepe mrefu wenye makali ya wembe. Hayavutwi kwa mkono bali kwa ndoano, mashine ikiwa imesimama. Na glavu, ambazo kwingine ni kinga, hapa ni mtego: uzi mmoja ukinaswa, mkono wote hufuata. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati, pete na kitambaa cha shingoni. Ufunguo wa kukazia taya usiachwe mahali pake hata kidogo, maana mashine ikiwashwa huruka kama risasi.

Mwenzetu mmoja alipoteza vidole viwili akisafisha shafti kwa tambara huku inazunguka. Taarifa ya uongozi ilisema ni uzembe. Haikusema kwamba breki ilikuwa mbovu kwa miezi kadhaa, wala kwamba kingo ya taya ilikuwa imefunguliwa ili kazi iende upesi.

Mkataba wa 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unasema mfanyakazi asitakiwe kutumia mashine ambayo kingo zake haziko mahali pake. Unamkataza pia yeye mwenyewe kuziondoa, nasi tukubali kwamba baadhi yetu huziondoa. Mkataba wa 155, wa 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo ndugu anayekatwa mshahara kwa ajili ya miwani ya kukinga macho aichukue karatasi yake ya mshahara na kumpelekea mwakilishi wa chama. Breki ikiwa mbovu, iandikwe katika daftari la matengenezo siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe na jina la aliyeambiwa.