Cheti cha Machimboni na Safari ya Ugenini

Ndugu wasomaji, kila zama ina safari zake. Wazee wetu wa Usukuma na Unyamwezi walikwenda pwani wakiwa wapagazi, na waliowafuata wakaenda Tanga kukata mkonge. Leo vijana wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita wanatazama mbali zaidi: Australia, Kanada, Uingereza na Uarabuni. Hawaendi kubeba mizigo. Wanakwenda na ujuzi wa mitambo, umeme, uchorongaji na uhandisi, nao wataka kupewa kazi yenye hadhi ya ujuzi huo.

Kutafuta riziki ya halali si aibu, wala kusafiri kwa ajili yake si kosa. Lakini tumeona nyumba zikiuza ng'ombe na viwanja kwa ajili ya safari isiyofika popote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaeleza wenye nyumba hizo jinsi mambo yalivyo. Ndiyo maana yatupasa kulieleza jambo hili kwa utulivu.

Kwa nini swali hili limekuja kwetu

Nchi yetu ya machimbo si mpya. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hata 1966. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui. Kisha zikaja zama za migodi mikubwa ya leo: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Migodi hii imekuwa shule. Kijana aliyeingia hajui ila jembe ametoka akiwa fundi wa magari makubwa ya kubeba mawe, au mlipuaji wa baruti mwenye cheti.

Lakini dhahabu ina mwisho. Mwaka 2021 Buzwagi ilisimamisha uzalishaji. Mafundi wengi walirudi majumbani na ujuzi mikononi, na swali likawa: je, ujuzi huu wauzika wapi?

Mlango una kufuli mbili

Wengi hudhani viza ndiyo jambo lenyewe. Sivyo. Mlango wa kazi ya ujuzi ugenini una kufuli mbili, na kila moja ina ufunguo wake. Kufuli ya kwanza ni kutambuliwa kwa cheti. Ya pili ni ruhusa ya kuingia na kufanya kazi. Mwenye ufunguo mmoja hubaki nje.

Tusilaumu mno jambo hili, kwa maana sisi nasi twafanya vivyo hivyo. Mgeni ajaye kufanya kazi Geita hana budi kupata kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Mwajiri wake naye hutakiwa kuonyesha mpango wa kumwandaa mwananchi atakayeshika nafasi ile. Hata Mtanzania aliyesoma chuo kikuu cha nje, akirudi nyumbani, huipeleka shahada yake kwa Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe. Twauliza wengine, basi tusishangae kuulizwa.

Jinsi cheti kinavyopimwa

Mwaka 1989 taasisi za uhandisi za nchi kadhaa zilifanya mapatano mjini Washington ya kutambuliana shahada za uhandisi. Afrika ya Kusini ilikubaliwa mwaka 1999. Hadi kufikia mwaka 2024 Tanzania haikuwamo. Maana yake si kwamba shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni dhaifu. Maana yake ni kwamba mwenye shahada hiyo lazima athibitishe ujuzi wake mmoja mmoja, wala hapokewi kwa jina la chuo tu.

Kwa mfano, mhandisi wetu atakaye Australia kwa njia hii huandika taarifa ya ujuzi wake na kuipeleka kwa Engineers Australia. Ndani yake hueleza kazi tatu alizozifanya mwenyewe: tatizo lilikuwa nini, alipiga hesabu gani, aliamua nini. Wako watu wanaouza taarifa zilizokwisha andikwa. Ewe kijana, usinunue. Wapimaji huzitambua, na anayekamatwa na maandishi ya wizi huweza kufungiwa asiombe tena kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, huo ni uongo, na uongo haubadiliki kuwa halali kwa kuvuka bahari.

Fundi asiye na shahada, kama vile fundi wa mitambo ya dizeli, hupimwa na taasisi nyingine, Trades Recognition Australia. Fundi umeme, hata baada ya kupimwa, hatagusa waya peke yake mpaka apate leseni ya jimbo analofanyia kazi. Na cheti cha kulipua baruti kilichotolewa hapa kwetu hakimpi mtu ruhusa ya kulipua kwingine, atatahiniwa upya.

Kanada huitisha tathmini ya elimu kutoka taasisi iliyokubaliwa na serikali, nayo hudumu miaka mitano kwa shughuli za uhamiaji. Lakini tathmini hiyo yasema tu kwamba shahada yako yalingana na ipi ya kwao. Haikupi leseni ya uhandisi. Hiyo hutolewa na chama cha wahandisi cha jimbo.

Uingereza imekaza kamba zaidi. Tangu tarehe 22 Julai 2025, viza yake ya wafanyakazi wenye ujuzi hutolewa zaidi kwa kazi za kiwango cha shahada, isipokuwa zile chache zilizowekwa katika orodha maalumu, na kima cha kawaida cha mshahara kilipandishwa kuwa pauni 41,700 kwa mwaka. Lazima awepo mwajiri aliyesajiliwa na serikali yao kuwa mdhamini. Orodha ya wadhamini hao iko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya serikali yao. Basi mtu akikuletea barua ya kazi ya Uingereza, jambo la kwanza ni kutafuta jina la kampuni ile katika orodha hiyo. Jina lisipokuwamo, barua hiyo haiwezi kukupatia viza.

Mambo madogo yanayoangusha wakubwa

Aghalabu safari haivunjwi na mtihani mgumu. Huvunjwa na mambo madogo ya nyumbani.

La kwanza ni jina. Tumfikirie kijana ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Ramadhani, cheti cha kidato cha nne Ramadhan, na kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Kwetu huyu ni mtu mmoja. Kwa karani wa ugenini ni watu watatu. Wazazi, yasawazisheni majina ya watoto mapema, wangali shuleni.

La pili ni ushahidi wa kazi. Wapimaji hutaka barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, majukumu, saa za kazi na sahihi. Fundi aliyefanya kazi miaka tisa kwa mkandarasi ambaye amekwisha funga mizigo na kuondoka ataipata wapi barua hiyo? Basi kila unapoacha kazi, omba barua kabla ya kurudisha kofia na viatu. Hifadhi hati za mishahara, na uombe taarifa ya michango yako katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, kwa kuwa nayo yaonyesha nani alikuajiri na kwa miezi mingapi.

La tatu ni kifua. Mtanzania aombaye kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hutakiwa kupimwa kifua kikuu. Vumbi la mawe ya machimboni huudhi mapafu na kuyafungulia njia maradhi hayo. Kijana adharauye barakoa leo kwa kuona joto huenda akazuiliwa kesho na picha ya kifua chake. Na hata asiposafiri, mapafu ni yake.

La nne ni wale wasio na cheti kabisa. Wachimbaji wadogo wa Geita wamo mafundi hodari waliojifunza kwa macho na mikono. Hao wasikate tamaa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa katika kazi yake, na akifaulu hupewa cheti. Huo ndio mwanzo wa njia.

Fedha za nyumba na ulimi wa wakala

Hapa ndipo penye msiba. Huja mtu mwenye ulimi mtamu, aseme: “Leteni milioni kadhaa, kijana ataondoka mwezi ujao.” Mama huuza ng'ombe, mjomba hukopa, na kijana hubaki Dar es Salaam akingoja simu isiyolia.

Wakala wa ajira hapa nchini hana budi kuwa na leseni, na Kamishna wa Kazi ndiye wa kuulizwa. Iko pia TaESA, Wakala wa Serikali wa Huduma za Ajira. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 kuhusu mawakala binafsi uliweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe fedha ya kutafutiwa kazi. Haraka haraka haina baraka. Auulizaye ukweli siku tatu hapotezi kitu.

Na ikiwa jamaa watakopeshana, deni na liandikwe, na mashahidi wawepo, kama dini yetu ilivyotuelekeza. Udugu mwingi umevunjika kwa sababu kila mmoja aliona haya kuandika. Mkataba wa kazi nao usomwe wote kabla ya kutiwa sahihi, na nakala ibaki nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti.

Milango ya karibu

Tena si lazima kuvuka bahari. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano ya kutambuliana. Basi mhandisi aliyesajiliwa na bodi yetu ana njia fupi kwa majirani. Na mgodi mkubwa wa Kibali, kaskazini mashariki ya Kongo, una wabia wawili wakubwa: Barrick, wenye Bulyanhulu, na AngloGold Ashanti, wenye Geita. Mwenye kazi ndani ya makampuni hayo aulize kwanza kama kuna nafasi za kuhamishwa, kwa kuwa mwajiri aliyekwisha kukujua hahitaji kuhubiriwa habari zako.

Mwisho, ndugu msomaji, faili lililokamilika halipotei bure. Jina lililonyooka, barua za kazi, cheti kilichorasimishwa na kifua kizima vyafaa Geita kama vifaavyo Perth. Viza yaweza kukataliwa. Hayo hayawezi kunyang'anywa. Basi familia na ikae pamoja jioni moja, karatasi zote zitolewe sandukuni, na ionekane ipi ipo na ipi haipo. Huo ndio mwanzo wa safari, na haugharimu hata ng'ombe mmoja.

Wabillahi taufiq.